Gari la mbao lililolipa karo ya chuo kikuu

MWAKA 1930, wakati viwanda vya Marekani vilikuwa vikiwaachisha watu kazi na bei za mazao zikiporomoka, kampuni moja ya Detroit iliwapa wavulana wa nchi hiyo ahadi ambayo wazazi wengi waliiona kama ndoto. Kijana angeunda gari dogo kwa mikono yake, nyumbani, kwa vifaa vyake. Wachache ambao kazi yao ingewapendeza waamuzi wangelipiwa masomo ya chuo kikuu.

Kampuni hiyo ilikuwa Fisher Body, iliyotengeneza bodi za magari ya General Motors. Mashindano yenyewe yaliitwa Fisher Body Craftsman's Guild, na yaliendelea hadi mwaka 1968, yakisimama tu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Katika awamu ya kwanza, zawadi kuu zilikuwa ufadhili wa masomo wa dola 5,000 kwa kila mshindi. Kwa kulinganisha, gari jipya la bei nafuu wakati huo lilipatikana kwa chini ya dola 600. Kwa hivyo, mshindi alipewa masomo yenye thamani ya zaidi ya magari manane mapya kwa sababu ya gari moja lililotoshea juu ya meza.

Tangu wakati huo, kuunda modeli ya gari la michezo kuanzia kipande cha mbao kumebaki kuwa kazi ya mapenzi kwa wengi na riziki kwa wachache. Watu hao wachache wanatofautiana na wengine si kwa wepesi wa mikono pekee. Wanajua saa zao zina thamani gani, na nani atazilipia.

Kutoka karakana ya farasi

Familia ya Fisher ilikuwa ya wahunzi na waundaji wa magari ya kukokotwa na farasi katika mji wa Norwalk, jimbo la Ohio. Ndugu hao walipohamia Detroit waliona kwamba magari ya injini yangehitaji bodi imara zaidi, na mwaka 1908 wakaanzisha kampuni yao. General Motors ilinunua asilimia 60 ya hisa mwaka 1919 na kuichukua kampuni yote mwaka 1926.

Alama ya kampuni ilikuwa gari la farasi la enzi za Napoleon. Ndiyo maana washindani wa kwanza hawakuombwa waunde gari la injini. Walipewa michoro na vipimo, wakatakiwa kuiga gari hilo la farasi kwa mbao, chuma na kitambaa, pamoja na milango, magurudumu na mapambo yake.

Ilikuwa kazi ngumu mno. Hata hivyo, ilipima jambo moja tu, nalo ni uwezo wa kufuata mchoro wa mtu mwingine bila kukosea.

Mwaka 1937 mashindano yaliongezewa kitengo cha magari ya injini, na hapo kanuni zikageuka. Kijana hakupewa mchoro wa bodi. Alielezwa skeli na mipaka ya vipimo, kisha akaachiwa abuni umbo lake mwenyewe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 gari la farasi lilikuwa limeondolewa kabisa, na waamuzi wakawa wanatoa alama kwa mambo mawili: ubunifu wa umbo na ubora wa kazi ya mkono.

Badiliko hilo lilikuwa na maana kubwa kiuchumi. Anayejua kuiga hushindana kwa bei na kila mwenye mikono mizuri. Anayejua kubuni ana kitu ambacho mwenzake hana.

Skeli na mchoro

Kabla ya kushika patasi, fundi huamua skeli. Kwenye mashindano ya Detroit ilikuwa 1:12, na sababu yake ni rahisi: futi moja ya gari halisi huwa inchi moja ya modeli.

Chukua mfano wa Chevrolet Corvette, gari la michezo ambalo General Motors ililizindua mwaka 1953. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 102, yaani karibu sentimita 259. Katika skeli ya 1:12 umbali huo huwa inchi 8.5, ambazo ni karibu sentimita 21.6. Gari zima hufika sentimita 35 hivi.

Wakusanyaji wengi wa modeli hupenda skeli ya 1:43 kwa kuwa gari huwa la sentimita 10 tu na makumi yake hutosha kwenye rafu moja. Wanaoanza hudhani kwamba modeli ndogo ni rahisi zaidi. La hasha. Kosa la milimita moja katika 1:12 ni sawa na milimita 12 kwenye gari halisi, lakini katika 1:43 kosa hilo hilo ni milimita 43. Taa iliyosogea kiasi hicho huonekana na kila mtu, hata asiyejua kasoro iko wapi.

Baada ya skeli huja mchoro. Unahitajika mchoro wa ubavuni, wa juu, wa mbele na wa nyuma, yote kwa ukubwa kamili wa modeli. Gari la michezo lenye injini mbele huwa na boneti ndefu, viti vilivyosogezwa nyuma, paa la chini na magurudumu yanayoonekana makubwa yakilinganishwa na bodi.

Fundi aliyebuni bodi yake mwenyewe hana budi kujiuliza maswali ya mtengenezaji halisi. Je, injini itakaa wapi? Dereva ataingiaje, na kichwa chake kitagusa paa? Magurudumu yakikatwa kona yatakwaruza bodi? Mchoro mzuri wa gari lisiloweza kubeba mtu hauna thamani mbele ya mwamuzi anayejua kazi yake.

Kisha violezo hukatwa kutoka kadibodi ngumu au plaiwudi nyembamba. Kila kiolezo huonyesha mkunjo wa nusu moja ya gari. Baada ya kupima upande wa kulia, fundi hukigeuza na kupima wa kushoto. Bila violezo, pande mbili za gari hazilingani kamwe, kwa maana jicho hudanganya na mkono hufuata jicho.

Udongo kabla ya mbao

Wengi huanza kwa kufinyanga umbo kwa udongo. Udongo husamehe: ukikata mno, unaongeza. Mbao haina huruma hiyo.

Njia hii haikuwa ya vijana pekee. Harley Earl, aliyepewa mwaka 1927 kuongoza idara mpya ya usanifu wa magari ya General Motors, aliieneza kwa kutengeneza modeli za udongo zenye ukubwa wa gari kamili. Hata leo, pamoja na kompyuta zote, kampuni nyingi za magari bado huchonga udongo kabla ya kuamua umbo la mwisho.

Umbo likikubalika, kipande cha mbao huandaliwa. Gogo moja nene halifai kwa sababu hupasuka likikauka. Ni bora kugundisha mbao nyembamba zilizokauka vizuri, nyuzi zikielekea upande mmoja. Mafundi wazoefu huweka maungio ya gundi katikati kabisa ya gari, kutoka boneti hadi buti. Mstari huo hubaki ukionekana muda wote wa kuchonga, na kila kipimo huanzia hapo.

Hatua inayofuata ndiyo huwaponza wanafunzi wengi. Matundu ya magurudumu hukatwa mapema, kipande kikiwa bado ni mraba na kinashikika kwenye jiriwa. Ukishaviringisha pembe, hakuna tena upande ulionyooka wa kubana au wa kupimia.

Umbo la ubavuni hukatwa kwa msumeno kwanza, kisha lile la juu. Ndipo patasi, randa ndogo na tupa huingia kazini, na violezo hutumika kila baada ya dakika chache.

Msasa huanza na namba 80, kisha 120, 240 na 400. Hufungwa kwenye kipande cha mbao au mpira, kwani ukiusugua kwa ncha za vidole utaacha mabonde madogo ambayo hayaonekani hadi siku ya rangi.

Rangi haifichi kosa

Watu wengi huamini kwamba rangi itafunika makosa. Ukweli ni kinyume chake. Rangi inayong'aa hufanya kazi ya kioo, na kila bonde hupinda mwanga.

Kwa sababu hiyo, vitundu vya mbao huzibwa kwanza kwa vanishi ya kuzibia, sehemu zenye kasoro hujazwa pati, kisha praima ya kijivu hupuliziwa. Fundi huishika modeli chini ya taa ndefu na kutazama mstari wa mwanga ukipita juu ya boneti na ubavu. Mstari ukiyumba, kazi hurudi kwenye msasa. Si ajabu hatua hii kurudiwa mara tano au sita.

Pati huhitaji subira pia. Ikipakwa nene na kusuguliwa kabla haijakauka hadi ndani, husinyaa baadaye na kuacha shimo chini ya rangi iliyokwisha kukamilika.

Rangi yenyewe hupuliziwa kwa matabaka membamba, kila tabaka likiachwa likauke. Kama kuna sehemu za plastiki, rangi hujaribiwa kwanza kwenye kipande cha kutupa, maana thina ya rangi za magari huyeyusha aina nyingi za plastiki.

Vioo hupatikana kwa kupasha moto karatasi ngumu ya plastiki angavu hadi ilegee, kisha kuikandamiza juu ya kibao kilichochongwa kwa umbo la kioo. Asiyeweza hupaka rangi nyeusi mahali pa kioo, ingawa hapo hupoteza nafasi ya kuonyesha viti na usukani.

Magurudumu manne lazima yafanane kama mapacha. Hukerezwa kwa aluminiamu au mbao ngumu. Asiye na mashine ya kukereza anaweza kufunga drili ya umeme kwenye jiriwa na kuitumia kuzungusha kipande huku akikichonga kwa tupa. Bampa, mapambo na fremu za taa hutoka kwenye shaba nyembamba au bati, nazo taa za nyuma kwenye vipande vya plastiki nyekundu.

Kazi yote hii huchukua mamia ya saa. Kijana aliyeingia mashindanoni alifanya kazi jioni baada ya shule na mwisho wa wiki, mara nyingi kwa miezi mingi, kisha akaifunga modeli ndani ya sanduku na kuituma kwa waamuzi.

Mti wa miaka mitano

Mbao zilizotumika zaidi zilikuwa balsa, poplari, mahogani na misonobari. Kati ya hizo, balsa ina habari ya kumvutia mkulima.

Balsa ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini, wa jamaa moja na mbuyu na msufi. Hukua haraka ajabu na huweza kuvunwa ukiwa na umri wa miaka minne hadi sita. Mbao yake kavu huwa na uzito wa karibu kilo 160 kwa mita moja ya ujazo, ilhali mbao nyingi za useremala hupita kilo 450. Ekwado ndiyo muuzaji mkuu duniani.

Mbao hiyo haikuishia kwenye karakana za watoto. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliitumia kuunda ndege ya kivita ya Mosquito, wakiweka balsa katikati ya matabaka ya plaiwudi. Siku hizi hutumika ndani ya mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo.

Matumizi hayo ya mwisho yaliwapa wakulima wa Ekwado funzo chungu. Mwaka 2019 na 2020 mahitaji ya mitambo ya upepo, hasa nchini China, yalipandisha bei ghafla. Watu walikimbilia kupanda, na wengine wakaingia katika misitu ya Amazon na kukata miti bila kibali, hata kwenye ardhi za jamii za wenyeji. Watengenezaji walipoanza kutumia povu la plastiki badala ya balsa, mahitaji yalishuka na waliochelewa kupanda wakabaki na miti bila mnunuzi. Zao la miaka mitano halifai kupandwa kwa kutazama bei ya leo.

Kwa mchongaji wa gari, balsa ina faida na hasara. Hukatika kwa kisu na haichoshi mkono, ila hubonyea hata kwa ukucha na hunywa rangi kama sifongo. Ndiyo sababu mafundi wengi hupendelea mbao ngumu kiasi zinazoshika ncha ya mkunjo, kama vile poplari na mahogani.

Mchongaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuagiza balsa. Jakaranda, ambayo wachongaji wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi kwa vinyago, ni laini kuchonga na nyuzi zake si pana. Muhimu ni mbao ikauke vya kutosha, kwani iliyokatwa juzi hupasua rangi ndani ya miezi michache.

Nani alifaidika?

Walioingia mashindano ya Detroit kwa muda wa miaka hiyo yote walikuwa mamilioni kwa hesabu ya kujiandikisha. Waliokamilisha modeli walikuwa wachache zaidi, na waliopata ufadhili wakawa wachache mno. Kwa kila kijana aliyelipiwa chuo, maelfu hawakulipwa chochote kwa saa zao.

Baadhi ya walioshinda walifika mbali. Chuck Jordan, mzaliwa wa California, alishinda mwaka 1947. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na General Motors, na kuanzia mwaka 1986 hadi 1992 alikuwa makamu wa rais wa kampuni hiyo anayesimamia usanifu wa magari yake yote. Wengine wengi waliopitia mashindano hayo waliingia katika idara za usanifu za Detroit.

Mwaka mmoja kabla ya Jordan, mshindi alikuwa Virgil Exner mdogo, ambaye baba yake alikuwa mbunifu wa magari kitaaluma. Hilo halipunguzi ustadi wake. Linakumbusha tu kwamba mashindano yaliyo wazi kwa wote hayamaanishi kwamba wote huanzia mahali pamoja. Mtoto aliyekulia penye michoro na zana hutangulia yule anayelazimika kuazima patasi ya jirani.

Isitoshe, mlango ulifungwa kwa nusu ya vijana wote. Mashindano yalikuwa ya wavulana pekee tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Wasichana waliokuwa na jicho na mkono wa kazi hiyo hawakupata hata nafasi ya kushindwa. Kampuni iliyokuwa ikitafuta vipaji ilijinyima yenyewe.

Na kampuni ilipata nini? Kwanza, jina lake liliingia nyumbani na shuleni kote nchini kwa gharama ya zawadi na vijitabu vya maelekezo. Pili, ilipata njia ya kuwaona wabunifu kabla washindani wake hawajawaona. Modeli iliyokamilika ilikuwa ushahidi bora kuliko cheti. Ilionyesha kwamba kijana huyu anaweza kuwaza umbo, kulichora, kulipima, kuvumilia miezi ya msasa na kumaliza kazi bila kusimamiwa.

Hapo ndipo ilipokuwa thamani ya gari lile la mbao. Halikuuzwa. Lilikuwa barua ya kuombea kazi. Baadhi ya modeli hizo sasa zimehifadhiwa katika makavazi ya Smithsonian mjini Washington.

Hesabu ya saa

Mambo ni tofauti kwa anayetaka kuishi kwa kuuza modeli. Kosa la kawaida ni kutoa gharama ya vifaa kwenye bei na kuita kinachobaki faida.

Tuseme fundi ametumia saa 200 kuunda gari moja la michezo la skeli ya 1:12, yaani siku 25 za saa nane. Vifaa vimegharimu Sh4,000. Mteja amelipa Sh15,000. Fundi anafurahi kwamba amepata Sh11,000.

Lakini Sh11,000 kwa siku 25 ni Sh440 kwa siku. Ikiwa fundi huyo angepata Sh1,200 kwa siku kwa kutengeneza milango na vitanda, basi nguvu zake zilikuwa na thamani ya Sh30,000. Ukijumlisha na vifaa, gari lilimgharimu Sh34,000. Ameliuza kwa hasara ya Sh19,000 bila kujua. Takwimu hizi ni za mfano, ila kila fundi anaweza kuweka zake na kuona jibu.

Hii ndiyo maana ya msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Saa nazo ni mali.

Njia ya kwanza ya kujinusuru ni kalibu. Gari la kwanza la mbao halipelekwi sokoni, bali hutumika kutengenezea kalibu ya mpira wa silikoni au faibaglasi. Ndani yake humiminwa rezini, na bodi nyingine hutoka bila kuchongwa upya.

Kwa mfano ule ule, weka Sh34,000 za gari la kwanza na Sh6,000 za kalibu, jumla Sh40,000. Ikiwa kila nakala inahitaji saa 20 za kusafisha, kupaka rangi na kuunganisha, nguvu ni Sh3,000. Rezini, rangi na magurudumu yawe Sh2,000. Nakala moja inagharimu Sh5,000, na ikiuzwa Sh15,000 huacha Sh10,000.

Nakala nne hurudisha gharama yote ya mwanzo. Kuanzia ya tano, Sh10,000 za kila gari ni ziada baada ya fundi kujilipa mshahara. Swali linalobaki ni moja: je, wako wanunuzi watano wa gari hilo hilo? Kama hawapo, kalibu haina kazi.

Kampuni kama Amalgam ya mjini Bristol, Uingereza, iliyoanza mwaka 1985, imejenga biashara kwa njia hii. Modeli zake kubwa za skeli ya 1:8 huuzwa kwa maelfu ya dola kwa wakusanyaji na wenye magari halisi.

Njia ya pili ni kazi ya kuagizwa. Mteja anataka gari moja ambalo hakuna mwingine atakayekuwa nalo. Hapa hakuna kalibu wala nakala, kwa hivyo bei lazima ibebe saa zote, na malipo ya awali ni lazima yafike kabla mbao haijakatwa. Mteja asiyekubali hilo anataka zawadi, si bidhaa.

Faida ya bodi ya kubuni

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza. Kampuni za magari hulinda majina, nembo na maumbo ya magari yao, na watengenezaji wakubwa wa modeli hulipia kibali cha kuyatumia. Fundi anayeuza nakala 50 za gari lenye nembo ya kampuni maarufu anaweza kujikuta akidaiwa na mawakili, hasa akiuza nje ya nchi.

Anayebuni bodi yake mwenyewe hana mzigo huo. Umbo ni lake, jina ni lake, na kalibu ni rasilimali yake. Anaweza kuuza nakala, kuuza mchoro, au kuutumia kama ushahidi wa ustadi anapotafuta nafasi katika chuo cha usanifu au karakana ya bodi za magari.

Katika vijiji na mitaa ya Afrika Mashariki, watoto wamekuwa wakiunda magari ya waya kwa vizazi vingi, wakikata magurudumu kwenye ndala kuukuu na kupinda usukani mrefu wa kusukumia. Kila gari ni la bodi ya kubuni, kwani hakuna aliyewapa mchoro. Kipaji kipo. Ambacho hakipo ni mtu wa kuyapanga magari hayo mezani, kuyapima na kumuuliza mtoto kwa nini ameweka ekseli pale.

Hilo si jambo la gharama kubwa. Shule, chuo cha ufundi au chama cha ushirika kinaweza kutoa skeli moja, mipaka michache ya vipimo na tarehe ya mwisho, kisha kuweka zawadi ya karo ya muhula mmoja. Mlango uwe wazi kwa wasichana na wavulana.

Kwa fundi anayetaka kuanza leo, ushauri ni mfupi. Anunue daftari kabla ya kununua mbao. Aandike saa aliyoanza na saa aliyomaliza kila siku, kuanzia mchoro hadi rangi ya mwisho. Gari la kwanza likikamilika, daftari hilo litamwambia kama ameanza biashara, kama amejipatia barua ya kuombea kazi, au kama amepata burudani nzuri ya jioni. Yote matatu yana thamani, ila lazima ajue ni lipi analofanya kabla ya kutaja bei.